Maneno Manane ya Maman Nsimire

Nilisema ndiyo. Ningesema hapana, jambo lingeishia pale pale nje ya kanisa, katikati ya watu wanaoagana baada ya misa, na leo nisingekuwa na kitu cha kuwasimulia. Lakini nilisema ndiyo, tena haraka, kama mtu aliyeombwa chumvi, na kwa kuwa miaka yangu sasa ni mingi na sina tena heshima kubwa ya kuilinda, acha niwaeleze jinsi neno hilo moja lilivyonivua nguo mbele ya ukumbi mzima wa parokia, hapa Bagira, Jumamosi mchana kweupe.

Aliyeniomba ni Papa Cirhuza, prezida wa shirika letu (shirika ndiyo jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa mmoja, tunaosali pamoja, tunaozikana na kuchangiana harusi). Alinivuta mkono hadi kwenye kona ya ukuta, akaangalia huku na huku, akaniuliza:

"Muzee Donat, ile hadithi ya Maman Nsimire, njo weye utaisoma Jumamosi?"

"Njo miye."

"Ile fraze ya kwanza, ubadilishe. Ile tu. Ingine yote uache."

Sasa mtaniuliza yeye aliijuaje fraze, yaani sentensi, ya kwanza ya hadithi ambayo ilikuwa haijasomwa popote. Aliijua kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. (Mnaona? Hata kabla ya kosa kuna kosa.) Nilikuwa nimeisoma hadithi ile mara tatu kwa siku mbili, na nilikuwa nimejaa kama mtungi, kila niliyekutana naye njiani nilimsimulia kipande, na prezida ndiye aliyepata kipande kikubwa kuliko wote.

Maman Nsimire ni mjane. Alihamia kwetu kutoka Cimpunda baada ya kumzika bwana yake, ambaye sisi wa Bagira hatukumjua. Mchana alikuwa akilima kishamba chake nyuma ya nyumba, na jioni alikuwa akiandika hadithi katika kaye, daftari za shule, kwa herufi kubwa, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu. Mimi nilifanya kazi ya kupiga barua kwa mashine ofisini hadi nikastaafu, nasoma mwandiko wowote, hata wa daktari, basi ikawa desturi: akimaliza hadithi ananiletea kaye Alhamisi, mimi nasoma wa kwanza, namrudishia Ijumaa, tunakaa barazani tunaongea juu yake. Naweza kuwaambia bila aibu kwamba Alhamisi ndiyo siku niliyokuwa naingojea wiki nzima.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Papa Birindwa anatumwa na ukoo kutangulia Kavumu na bidoni ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, nyumbani kwa msichana ambaye mpwa wake anataka kumwoa; wengine watafuata na mbuzi. Wanamwambia, ukifika uliza nyumba ya fulani. Anawajibu, naijua. Kwenye taksi wanamwuliza anashukia wapi, anasema najua. Anashuka mahali pasipo penyewe, anatembea kwenye mvua na bidoni kichwani, anaona uwanja umejaa viti, maturubai na watu, anaingia. Kumbe ni kilio. Watu wanapokea kasiksi yake kwa mikono miwili, wanamkalisha mbele, na yeye, badala ya kuuliza nani amekufa, anakaa, anainamisha kichwa, na wanapompa neno anasimama na kumsifu marehemu dakika nyingi, "baba yetu, mzee wetu, mwanaume aliyesimama imara", wakati aliyelala ndani ni bibi kizee. Anapojaribu kutoroka, binti wa marehemu anamfuata hadi barabarani. Hamtukani. Anamwambia tu, "Papa, ulikuwa unaenda wapi?" Na hapo, katika mstari wa mwisho kabisa, Papa Birindwa anaweka chini bidoni tupu na kusema: "Mama, njia iko wapi?"

Niliposoma mstari ule mara ya kwanza nilifunga kaye. Kisha nilirudi mwanzo kutazama mama yule alifanyaje. Fraze ya kwanza ilikuwa na maneno manane: "Papa Birindwa hakuwahi kumuuliza mtu njia tangu azaliwe." Basi. Hakusema ana kiburi, hakusema ni mpumbavu, hakumpa kilema chochote. Alimpa tabia moja, akamwachia aende nayo, na tabia ile ndiyo iliyompandisha gari, ikamshusha vibaya, ikamwingiza kilioni, ikamsimamisha kuhutubia. Mwandishi hakumsukuma popote. Na lile swali ambalo mtu mwingine yeyote angeliuliza kwenye ukurasa wa kwanza, yeye alilificha hadi neno la mwisho. Nilimwuliza kwa nini kulinyesha mvua. Akacheka, akasema, "Papa Donat, kama hakuna mvua, ataona batu banalia. Mvua inamulowesha kila mutu uso." Hata mvua ilikuwa na kazi. Mimi niliyepiga mashine barua za watu maisha yangu yote sikuwahi kuona maneno yaliyopangwa kwa akili namna ile.

Shida ni kwamba mwaka uliotangulia Papa Cirhuza alituongoza shirika zima kwenda kwenye harusi moja upande wa Katana, akakataa kuuliza njia, tukazunguka tope hadi tukafika watu wanaosha sahani. Kwa hiyo nilipomsimulia kwa furaha zangu, uso wake ulibadilika.

"Batu batasema njo miye," alisema pale ukutani. "Batanicheka mbele ya padri. Weye uliandikaka barua za bakubwa. Bosi akisema toa fraze, uko unatoa. Hii iko ngumu nini?"

Na ni kweli, kazini ndivyo ilivyokuwa. Bosi akisema punguza ukali, unapunguza, mwenye barua hajui. Vidole vyangu vilizoea hivyo. Nikajiambia, maneno manane katika kurasa tisa ni nini? Tena mimi nina ugonjwa wa kutoweza kumkatalia mtu aliyenishika mkono. Nikasema ndiyo.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa. Walikuja walimu watatu waliotafuta hadithi nane za kuchapa katika kitabu kidogo, hadithi za watu wa kwetu, na sharti lao lilikuwa kwamba hadithi isikilizwe kwanza na watu. Ikiwashika watu, inaingia. Maman Nsimire alivaa kitenge kipya cha bluu. Alikaa mstari wa pili na wajukuu wake wawili. Njiani alikuwa ameniambia, kwa sauti ya chini, kwamba hajawahi kutaka kitu sana namna hii tangu awe mjane: hadithi ile, katika kitabu, kabla macho hayajafungika kabisa. Nilimwambia asiogope, kwa sababu msomaji ni mimi.

Nikasimama. Prezida alikuwa mstari wa mbele, kofia magotini. Nikafungua kaye, nikasoma kwa sauti nzuri:

"Papa Birindwa alikuwa mtu mpole, aliyependa sana kuuliza njia."

Papa Cirhuza akaegemea kiti akapumua. Maman Nsimire akainua kichwa, taratibu, kama mtu aliyesikia mlango.

Lazima niwaambie kwamba kwetu hadithi haisikilizwi kimya. Ni kama zamani jikoni kwa bibi: msikilizaji ana haki ya kukata na kuuliza, na msomaji lazima amjibu ndipo aendelee, asiyejibu wanampigia makofi ya kumshusha. Basi nilipofika kwenye taksi, pale ambapo konvoyeri, mkusanya nauli, anauliza anashukia wapi na Papa Birindwa anajibu "najua", sauti ikatoka nyuma. Alikuwa Maman Furaha, anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni, mama mwenye sauti ya kuita wateja wa ng'ambo ya ziwa.

"Papa musomaji, samahani. Si ulisema huyu mutu anapenda kuuliza?"

"Ndiyo, maman."

"Sasa juu ya nini haulizi?"

Ukumbi ukasema ee, ni kweli. Nilitazama kaye. Kaye haikuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa lile nililolitoa. Ningeweza kusimama hapo hapo na kusema, ndugu, nimekosea mstari wa kwanza, naomba nianze upya. Ingechukua muda wa kukohoa. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema:

"Siku hiyo alikuwa na jino."

"Jino gani?"

"Jino linauma. Hakuweza kufungua mdomo."

Watu wakamwonea huruma Papa Birindwa, nami nikajiona mjanja. Nikaendelea. Ukurasa wa nne anaingia uwanjani na kusalimia watu wote kwa sauti kubwa, mmoja mmoja, na hapo Maman Furaha akasimama kabisa.

"Jino limepona?"

"Limepona kidogo. Alipewa dawa njiani."

"Aksanti Mungu. Basi aulize sasa."

Vicheko vikaanza upande wa vijana. Nikasema aliuliza, lakini watu wa pale hawakuelewa lugha yake. Mzee mmoja wa huko huko Kavumu, aliyekaa karibu na dirisha, akasema polepole bila hata kutabasamu, "Papa, sisi ba Kavumu tunasemaka Mashi. Yeye alikuwa anauliza mu Kichina?" Ukumbi ukaanguka. Nikapandisha sauti, nikasema hapana, walimjibu, ila ile dawa ya jino ilikuwa imemziba masikio, hakusikia walichomjibu. (Nawaapia, sikuwa nimekunywa kitu.) Nikasoma haraka nipite, na mstari uliofuata, kwa mwandiko mkubwa wa Maman Nsimire, ulisema: "Papa Birindwa akasikia kwa mbali wanawake wakiimba."

"Amesikia," akasema Maman Furaha.

"Sikio moja," nikasema.

"Papa Donat, huyu mutu umupeleke hospitali. Acha kumupeleka kwa kilio."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Hata padri alijifunika uso kwa leso. Vijana walikuwa wametoa simu wananipiga video. Jasho lilikuwa linanitoka hadi kwenye kaye, na katikati ya ghasia ile ndipo Maman Nsimire alipozungumza. Hakusimama.

"Papa Donat, soma kile niliandika."

Watu wote wakamgeukia. Huo ulikuwa mlango wa pili wa kutokea, na ulikuwa wazi kabisa. Nilimtazama yeye, nikamtazama prezida, ambaye alikuwa anatikisa kichwa kidogo sana, hapana, hapana. Nikafikiri juu ya zile simu. Nikafikiri watasema muzee mwongo. Nikasema:

"Njo kile ninasoma, maman. Njo vile uliandika."

Nimefanya mambo mengi mabaya katika maisha yangu, na mengine nimeyaungama, lakini hakuna linalonirudia kama sentensi ile. Mama mwenye macho yanayozimika, mbele ya watu, mbele ya wajukuu wake, nikamwambia kwamba hajui alichokiandika kwa mkono wake. Mjukuu mkubwa akamgeukia bibi yake kumwuliza kwa macho. Yeye akakunja mikono juu ya kitenge chake cha bluu.

Nikamalizia. Hotuba ya kilioni, ambayo ingewaua watu kwa kicheko kwa sababu ni hotuba ya mtu asiyetaka kuuliza, ilipita kama tangazo la parokia. Kiziwi mwenye jino anasema mambo yasiyo na maana, ni cha ajabu nini? Na nilipofika mstari wa mwisho, ule ulionifanya nifunge kaye, nikasoma: "Mama, njia iko wapi?" na hakuna aliyetikisika. Kijana mmoja akasema, "Si aliuliza toka asubuhi?" Ikaisha hivyo. Papa Cirhuza alipiga makofi peke yake.

Mwalimu mkubwa wa wale watatu, mwanamke mpole anayeitwa Neema, alitoa maoni yao. Alisema kuna mkono wa mwandishi mle ndani, unaonekana hapa na pale, lakini mhusika hajulikani. "Mutu akifanya kitu katika hadithi," alisema, "tunapaswa kuona kwamba ni yeye tu angeweza kukifanya. Huyu anaumwa tu. Magonjwa yanamtokea. Mwandishi anapokwama, anamwongezea ugonjwa." Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilimwangukia asiyehusika. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kaye mkononi, na sikufungua mdomo.

Kufikia jioni video ilikuwa imeingia katika simu za shirika zima. Watoto wa mtaani walinibatiza Papa Jino, na mpaka leo nikipita wanajishika shavu. Hilo nililistahili, tena ni dogo. Papa Cirhuza naye alinipita njiani akaniambia, "Lakini muzee, juu ya nini uliongeza jino? Miye nilisema fraze moja tu." Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Yeye aliomba. Aliyesema ndiyo ni mimi.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Maman Nsimire na kaye yake. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniletea chai. Nikamweleza yote, prezida, ukuta, fraze, bila kujipunguzia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Cirhuza alizani niliandika yeye?"

"Ndiyo, maman."

"Miye Cirhuza hata simujui vizuri. Ile iko bwana yangu."

Akaniambia bwana yake alikuwa hivyo hivyo. Miaka yote ya ndoa hakumuuliza mtu njia, walipotea Kalehe, walipotea Walungu, siku ya harusi ya dada yake walikaa saa nzima kwenye harusi ya watu wengine. Na alipokuwa mgonjwa kitandani, siku za mwisho, alimshika mkono akamwuliza kitu kwa mara ya kwanza. Hakuniambia ni kitu gani. Alisema tu kwamba hadithi nzima aliiandika ili afike pale, na kwamba wajukuu wale wawili hawakumkuta babu yao, alitaka wakutane naye katika kitabu.

Nilimwambia nitakwenda kwa walimu kesho asubuhi, nitawaonyesha kaye, watasoma wenyewe. Nilikuwa tayari kupiga magoti.

"Hapana," akasema. "Batu balishaisikia. Fraze ya mwisho haisikiwake mara mbili." Kisha, akikusanya vikombe: "Papa Donat, ungeniuliza tu. Ningekuambia iko nani."

Nilikwenda kwa walimu hata hivyo. Mwalimu Neema alinisikiliza, akasema wako tayari kuisoma kaye, mwandishi ailete tu. Nikarudi kwa Maman Nsimire na habari hiyo, nikafurahi kama mtoto. Hakuipeleka. Ni mtu wa namna hiyo: ana uvumilivu mwingi kuliko wetu sote, lakini kitu kikishachafuliwa mbele ya watu hakiokoti. Ningekuwa msomaji mzuri wake, kama nilivyojidai, ningelijua hilo kabla.

Toka siku ile nimeapa kwamba sitagusa neno la mtu, hata koma, bila kumtafuta mwenyewe na kumwuliza uso kwa uso, na anayenishika mkono pembeni ya ukuta namwambia aniachilie kwanza ndipo tuongee. Ni kiapo kizuri, kilichochelewa.

Kitabu kilitoka, na hadithi nane. Nimekisoma chote, tatu ni nzuri sana. Ya Papa Birindwa haimo, na wajukuu wa Maman Nsimire hawatamkuta babu yao humo. Yeye alifanyiwa operesheni ya jicho moja, anaona vizuri, anaandika kuliko zamani, na Maman Furaha ananiambia kuna moja ya mtu asiyeweza kuomba msamaha ambayo iliwafanya watu walie. Kaye zake sasa anazisoma mkwe wake. Tukikutana ananisalimia kwa heshima, anauliza juu ya afya yangu, na anapita. Alhamisi hakuna anayebisha mlangoni kwangu, na hadithi ile mpya mimi sijaisoma.